Tulilipia sura ya nchi, tukaletewa sura ya msitu

Huduma: ramani ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa kutoka usawa wa bahari) kwa droni, hekta 310 hivi, mteremko wa mashariki wa milima ya Uluguru, juu ya Kinole. Bei: shilingi milioni 6.2, mafuta ya gari yakiwemo. Muda: siku tatu kwenye eneo la kazi, wiki tatu ofisini kwao. Nyota zangu ni mbili na nusu kati ya tano, na hiyo nusu wameipata kwa jasho.

Jina la kampuni silitaji. Vijana wao walilala kwangu siku mbili, wakala ugali wangu, wakamwamkia mama yangu vizuri, na kosa lenyewe nimekuja kugundua kwamba si la kampuni moja. Ninaandika kwa ajili ya kamati za maji za vijiji vya milimani, maana najua mwaka huu wengi wenu mtaletewa bei kama hii mezani.

Kazi yangu ni ufundi bomba. Ila kabla ya mabomba, kati ya 1989 na 1993, nilikuwa mshika fito wa wapimaji, yaani yule anayesimamisha mti wenye alama za vipimo. Ukishika fito miaka minne mbele ya leveli, ile darubini ya kupimia tofauti za urefu wa ardhi, jua kali, mpimaji anakupungia mkono "kushoto, kushoto, simama!", unajifunza kitu kimoja: fito lazima likanyage ardhi. Likikanyaga jani, kipimo hakifai, na utatukanwa mbele ya watu. Shikeni hilo, nitalirudia.

Kijiji chetu kinataka maji ya mserereko. Chanzo kipo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, korongo lenye maji mwaka mzima, na tangi linatakiwa kukaa juu kidogo ya shule ya msingi. Katikati kuna msitu, kisha migomba, mikarafuu, minanasi, kisha watu. Kwa maji ya mserereko hakuna pampu ya kuficha makosa yako. Kila mita kumi za kushuka zinakupa baa moja ya presha ndani ya bomba. Mteremko halisi ukiwa mdogo kuliko ulivyodhani, maji hayafiki. Ukiwa mkubwa kuliko ulivyodhani, bomba linapasuka usiku na asubuhi unaitwa wewe. Kwa hiyo tulihitaji ramani inayoonyesha milima inavyopanda na kushuka, na mwenyekiti akasema siku hizi kuna droni, mambo ya kupanda na fito yamepitwa na wakati. Mimi nilikubali. Naandika hili ili isionekane nilikuwa mjuaji tangu mwanzo.

Walifika Alhamisi jioni na pikapu. Vijana watatu, mmoja binti, na ndiye aliyekuwa rubani. Barua zote walikuwa nazo: kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ruhusa ya hifadhi, barua ya halmashauri. Hapo wapewe nyota nzima. Nimewahi kuona watu wa mradi mwingine wakirusha bila ruhusa wakaishia kituo cha polisi na betri zao.

Kwetu huku mashariki ya Uluguru mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu una ratiba yake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mlima uko wazi kama sahani. Saa nne umefunikwa, na kilele cha Bondwa na minara yake ya mawasiliano hata usitafute. Yule binti alielewa haraka. Siku ya pili alikuwa uwanjani kabla jogoo hajamaliza, betri sita zimejaa, droni inapanda na kushuka kwa mistari kama mtu anayefyeka nyasi kwa zamu. Alinieleza kwamba kila picha inafunika zaidi ya robo tatu ya mwenzake, ili kompyuta ione kila kitu kutoka pembe kadhaa na kukadiria urefu wake, jinsi macho mawili yanavyokadiria umbali. Maelezo mazuri, kayatoa kwa subira, na mimi nikatikisa kichwa. Swali la kumuuliza lilikuwa moja tu wakati ule nalo sikuuliza.

Kabla ya kurusha walitandika alama kumi na moja ardhini, misalaba ya turubai nyeupe, wakapima kila msalaba kwa kile kipokezi chao cha setilaiti cha mguu mmoja. Uwanja wa shule, mbele ya zahanati, njia panda, shamba la nanasi, na wa mwisho karibu na bikoni ya mpaka wa hifadhi. Ndani ya msitu hawakuweka hata mmoja. Nikauliza, wakasema ndani hakuna anga ya kutosha, na hata ukiuweka droni haitauona. Kweli tupu. Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka.

Wiki tatu baadaye ikaja ramani. Nianze na mazuri, maana ni mazuri kweli.

Picha yake kubwa, ile iliyounganishwa kutoka mamia ya picha, ni kitu cha kutundika ukutani. Tuliitandaza kwenye meza ya ofisi ya kijiji, na kwa saa nzima hakuna aliyejadili maji. Watu walikuwa wanatafuta mabati yao. Mzee mmoja alikuta mbuzi wake. Lakini zaidi ya burudani, ilitumalizia mgogoro ambao ungetuchelewesha miezi. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo inafuata upande wa mama, na bomba lingepita katika mashamba ya koo tatu. Akina mama wenye mashamba walisimama pale, wakaweka kidole, "huu mkarafuu ni wa kwetu, ule wa kwao, bomba lipite hapa katikati." Jambo ambalo kwa maneno lingechukua vikao vinne, kwa picha lilichukua mchana mmoja. Nyota ya pili hiyo.

Na vipimo vya sehemu ya wazi ni safi. Niliazima leveli kwa rafiki yangu Morogoro, nikapima kutoka alama ya shule hadi ngazi ya zahanati, kilomita moja na mita mia. Tofauti yangu na ya ramani ilikuwa sentimita 12. Kwa kutandaza mabomba ya vitongojini, hiyo ni zaidi ya tunachohitaji. Kama kijiji chenu kipo kwenye mbuga au mashamba matupu, acheni kusoma hapa, waiteni, walipeni.

Sisi tukapanda na macho kuelekea msituni, na hapo kizaazaa kikaanza.

Kwanza, kijito hakipo. Namaanisha kile kijito chenyewe tunachotaka kukitega. Mistari ya kontua inatoka mashambani imekunjakunja, kila bonde dogo linaonekana, halafu ikiingia msituni inalegea, inakuwa mawimbi ya upole kama shuka lililotupiwa kitandani. Korongo ambalo ukianguka ndani yake utavunjika mguu, kwenye ramani ni kibonde tu cha kukaa na kupumzika.

Pili, kuna genge. Mistari imesongamana kufuata mpaka wa hifadhi wote, kilomita mbili, kama ukuta wa mita 25. Nimezaliwa pale. Nimechunga mbuzi pale. Hakuna genge. Na mbuzi wangu, ambao kazi yao ni kutafuta genge, hawajawahi kuliona. Kijana mhandisi aliyekuwa anatusaidia usanifu alishalipenda, akaweka tangi la kupunguza presha juu ya ukingo wake na akaniambia, "Baba, mahali hapa pamekaa kama pametengenezwa." Nikamwambia twende ukanionyeshe. Tulisimama pale kwenye bikoni. Upande mmoja migomba, upande wa pili mikangazi imesimama wima, ardhi chini inapanda pole pole bila hata kujikwaa. Kijana akaangalia juu, kule majani yanakoanzia, akaangalia karatasi, akacheka mwenyewe.

Genge lilikuwa ni miti.

Droni ya picha inaona kile ambacho jicho lingeona kutoka juu, basi. Pale ambapo msitu umefunga, jicho halioni ardhi, linaona paa la majani, na kompyuta inapima paa hilo kwa uaminifu mkubwa na kuliita mlima. Kontua za msituni zilikuwa sahihi kabisa, ila ni za vilele vya miti. Fito lilikanyaga jani.

Kosa hili lina ukubwa gani? Inategemea na miti. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mti mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika uko Kilimanjaro, mkukusu wa mita 81.5, na umeota bondeni. Hebu fikiria ramani ya bonde hilo iliyopimwa kwa picha za droni: bonde limejazwa hadi juu, limesawazishwa, unaweza kujenga uwanja wa mpira. Kwetu miti si ya kiwango hicho, lakini mita 30 ni ya kawaida.

Mwenyekiti, ambaye hapendi matatizo, akatoa suluhisho: "Fundi, si tutoe mita 30 kila mahali ndani ya msitu, yaishe?" Ni wazo la busara na lingetuangamiza. Miti mirefu inakaa makorongoni, penye udongo mzito, maji, na kinga ya upepo. Migongoni kuna miti mifupi, iliyopigwa na upepo, mingine mita sita tu. Na kuna sehemu ya maporomoko ya zamani ambapo ni magugu matupu. Kwa hiyo kosa ni kubwa bondeni na dogo mgongoni, na matokeo yake ramani inaupooza mlima: inajaza mashimo na kuacha vilima vilivyo. Hakuna namba moja ya kutoa.

Nipe nafasi nieleze kwa namba zetu, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Kwenye ramani, chanzo chetu kipo mita 1,046 juu ya usawa wa bahari. Mita 600 mbele, bomba linatakiwa kuvuka mgongo, na ramani inasema mgongo upo 1,009. Maji yanashuka mita 37, raha mustarehe, bomba la milimita 63 linatosha na chenji inabaki. Tulipokuja kupima wenyewe, chanzo kipo 1,012 na mgongo 1,003. Mita tisa. Mita tisa ndani ya mita mia sita, na msuguano wa bomba nao unadai haki yake. Lile la milimita 63 lingepitisha maji kidogo sana, na wakati wa kiangazi tungesimama na viongozi kwenye uzinduzi tunafungua koki inayokohoa. Sasa kipande hicho kitakuwa cha milimita 90. Tofauti ya bei ya mabomba ni ndogo. Tofauti ya aibu siwezi kuipigia hesabu.

Nikawapigia simu. Haki yao niwape: walipokea, na hawakubisha. Aliyepokea alikuwa kiongozi wao, mtu mpole, akasema, "Mzee wangu, kwa picha ndivyo ilivyo. Ukitaka ardhi chini ya miti, hiyo ni droni ya leza, na bei yake ni nyingine." Bei aliyotaja ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile tuliyolipa. Leza, kwa wasiojua, inarusha mipigo mingi sana ya mwanga kwenda chini. Mingi inagonga majani, michache inapenya kwenye upenyo, inagonga ardhi na kurudi, na kutokana na hiyo michache wanapata ardhi. Ni kitu cha kweli, kinafanya kazi. Nikamuuliza kwa nini hatukuambiwa kabla. Akasema iko kwenye mkataba.

Nikatoa mkataba. Kweli ipo. Ukurasa wa tatu, kwa Kiingereza, kazi imetajwa kuwa "modeli ya uso". Mwalimu mkuu alipotutafsiria siku ya kusaini tulielewa uso wa nchi. Wao walimaanisha uso wa chochote kinachoonekana kutoka juu, ikiwemo kofia ya mtu. Shuleni tulifundishwa kwamba ramani ya namna hii inaonyesha sura ya nchi. Tuliyoletewa inaonyesha sura ya msitu, na kichwa cha karatasi bado kimeandikwa kwa herufi kubwa RAMANI YA SURA YA NCHI. Kosa lao ni kimya. Kampuni inayoenda kwenye msitu wa Uluguru, ikaangalia msitu, ikaandika "uso" na ikanyamaza, imefanya biashara lakini haijafanya upimaji. Nyota moja na nusu imeondokea hapo, na nyingine nitaitaja.

Watu wameniuliza kama kuna njia rahisi zaidi. Nimejaribu karibu zote.

Karatasi za zamani za serikali za 1:50,000 bado nazipenda. Moja ninayo tangu enzi za fito, imekunjwa hadi mikunjo imekuwa matundu. Nazo zilitokana na picha za ndege, na mchoraji alikuwa anaona vilele vya miti kama droni ilivyoona, lakini yule alikuwa mtu, anaangalia kwenye mashine ya kuona picha mbili kwa pamoja, na anajua kwamba mto hauwezi kupita juu ya kilima. Korongo letu lipo kwenye karatasi hiyo, mstari mwembamba wa bluu, umbo lake sawa kabisa. Huwezi kusanifu bomba kwayo; milimita moja pale ni mita 50 ardhini. Lakini kama ningeiweka kando ya ramani ya droni siku ya kwanza, ningeona mara moja nini kimepotea. Angalizo moja: karatasi hizi zimefuata mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, na simu yako inafuata mwingine, WGS 84. Ukisoma majira ya mahali, yaani namba zinazoonyesha mahali palipo, kwenye karatasi na kuyaingiza kwenye simu bila kubadili mfumo, utatupwa takriban mita 300. Mbugani utacheka. Milimani mita 300 ni korongo lingine kabisa. Nalijua hilo kwa sababu mwaka 2011 niliwaongoza watu wanne siku nzima kwenda kwenye chanzo kisichokuwepo, na mmoja wao ni shemeji yangu, hajasahau.

Data za bure kutoka angani? Mhandisi wetu kijana alizileta, zile zilizopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour, Februari 2000, kwa siku 11, karibu dunia nzima. Ni ajabu ya kazi. Lakini kila kipande chake ni mita 30 kwa 30, korongo letu zima linaingia ndani ya kimoja, na mawimbi ya rada ile nayo yanarudi kutoka kwenye majani kabla ya kufika chini. Ugonjwa ni uleule, macho mabaya zaidi.

Simu mkononi ndiyo kabisa. Nilikaa juu ya jiwe moja pale chanzoni, nikala muhogo wangu, nikaandika urefu ambao simu inasema kila baada ya dakika mbili. Ndani ya dakika kumi jiwe lilipanda na kushuka mita 40. Kile kifaa cha mkononi chenye kupima urefu kwa mgandamizo wa hewa ni bora mara nyingi, mradi ukirekebishe asubuhi kwenye alama unayoijua na urudi kukiangalia pale pale jioni. Wingu kubwa likija, nacho kinakuambia umepanda mlima wakati umekaa.

Mwishowe tulifanya hivi. Mpira wa leveli, ule wa kuonyesha maji ndani ambao mafundi ujenzi wanatumia kusawazisha msingi, mita 20. Fito mbili za mianzi nilizozichonga na kuzitia alama za sentimita. Kalamu, daftari la mistari, mfuko wa plastiki wa kufunikia daftari. Tulianzia kwenye alama yao ya bikoni, mita 861, maana vipimo vyao vya sehemu ya wazi nimeshasema ni safi na sina sababu ya kuvikataa. Kutoka hapo tukapanda hadi chanzoni, hatua kwa hatua, kila hatua hatuwezi kuvuka mita moja na nusu au moja nukta nane za kupanda kwa sababu fito lina mwisho. Askari wa hifadhi alikuwa nasi muda wote, hatukukata mti hata mmoja wala kupiga mkuza (kufyeka njia ya kupimia), tulifunga utepe mwekundu tu na kuufungua wakati wa kurudi.

Siku nne. Siku ya kwanza mvua. Siku ya pili siafu, na kijana wa mbele akaruka na fito, tukarudia hatua kumi na nne. Siku ya tatu niligusa upupu nikadhani ni kamba ya kujishikilia, sitasema zaidi. Kwenye miteremko ya makorongo ya pembeni tulitumia Abney, kidude cha shaba cha kushika machoni kinachosoma pembe ya mteremko, nilichokirithi kwa mpimaji wangu wa zamani, na tepu. Siku ya nne tulirudi tukipima kwa njia nyingine hadi kwenye bikoni ileile, na tofauti ya kutoka na kurudi ilikuwa sentimita 41. Mpimaji wa kweli angekunja uso. Kwa bomba la maji, ukilinganisha na kosa la mita 34, niliona tumefika peponi. Gharama: posho za watu watano, muhogo, sukari, na dawa ya upupu. Haikufika laki nne.

Lakini msinielewe vibaya, mpira wa leveli nao haukupi ramani. Unakupa mstari mmoja tu, pale ulipopita. Pembeni mita kumi hujui kitu. Kwa hiyo mwisho wa siku tumetumia vyote: ramani ya droni kwa mashamba na vitongoji, karatasi ya zamani kwa umbo la makorongo, mpira kwa mstari wa bomba.

Na ile nyota nyingine iliyopungua: majina. Ramani ya kampuni, ndani ya msitu, haina jina hata moja. Kijani kitupu. Yule bibi ambaye shamba lake la mwisho linapakana na bikoni aliketi na mwalimu jioni mbili akamtajia kila korongo na kila mgongo kwa Kiluguru, na wakati anataja akasema hivi kwa kupitia tu, kwamba korongo la pili kutoka kusini maji yake huingia chini ya mawe kiangazi na kutokea tena chini sana. Tulikuwa tumeliweka kama chanzo cha akiba. Wapimaji walipita mlangoni kwake asubuhi tatu, wakamwamkia shikamoo, wakaendelea. Nusu saa tu wangekaa.

Sasa, ungewaita tena? Ndiyo, na tumeshazungumza nao kuhusu kijiji cha chini ambako hakuna msitu. Nitawauliza kabla ya kusaini, kwa Kiswahili, mbele ya mashahidi: mnapima ardhi au mnapima kilicho juu ya ardhi? Alama zenu zitawekwa wapi, na ni ngapi zitakuwa katika sehemu ngumu? Na kipande cha pesa kibaki mkononi kwetu hadi nipime sehemu tatu nitakazochagua mimi. Kiongozi wao nimemwambia haya na hakukasirika. Amekubali pia kubadilisha kile kichwa cha karatasi na kutuletea nakala mpya.

Nakala bado haijafika. Ile ya zamani ipo ukutani ofisi ya kijiji, watu bado wanatafuta mabati yao. Kijito nimekichora mwenyewe kwa kalamu nyekundu, maana ya bluu ilikuwa imekwisha wino.